Mwanafunzi kauliza tusi la Kihispania mbele ya katekista. Ningejibuje?

Profe wa Luthuli – Jumapili, saa tatu usiku

Hamjambo wenzangu. Nisaidieni kabla Jumamosi haijafika.

Nina darasa dogo la Kihispania, watu kumi na mmoja, kila Jumamosi kuanzia saa nne asubuhi, ghorofani Luthuli Avenue. Chini yetu ni maduka ya spika, kwa hiyo sisi tunanyambua vitenzi huku mtu anajaribu besi. Tumezoea. Wanafunzi wangu hawana umri mmoja wala haja moja. Kuna dereva wa watalii, kuna nesi anayetaka kwenda kufanya kazi Uhispania, wasichana wawili waliomaliza kidato cha nne mwaka jana, kijana mmoja mjanja wa kompyuta, na mama anayeuza vitenge Eastleigh ambaye bintiye ameolewa Valencia. Halafu kuna mzee, katekista mstaafu, aliyefanya kazi miaka mingi na wamisionari Wahispania kule Turkana. Hukaa mbele, kofia magotini, daftari lake amelifunika kwa gazeti kama mtoto wa darasa la nne.

Jumamosi iliyopita tulikuwa kwenye maneno ya mshangao. *¡Ay!*, *¡vaya!*, *¡qué bonito!* Dereva akainua mkono. Akasema ametoka Maasai Mara juzi na wageni wa Madrid, na simba jike alipotokeza kichakani na watoto watatu, gari lote lilipiga kelele neno moja: *¡Coño!* Akalitamka vizuri kabisa, na ile ñ niliyomfundisha kwa jasho langu. Mgeni mwingine akaongeza *¡Hostia!* Sasa anauliza: Mwalimu, hayo yana maana gani, na mbona kitabuni hayamo?

Mzee akageuka polepole. Lile la pili analijua. Mkatoliki yeyote anayesali kwa Kiswahili analijua, maana hostia ni hostia, yaani ule mkate wa komunyo padri anaouinua altareni.

Mnajua nilifanya nini? Nilifuta ubao ambao haukuwa na kitu. Nikasema, "Hayo ni ya mtaani, fungueni ukurasa wa 46."

Dereva ni mtu wa adabu, hakuuliza tena. Lakini usiku ule ule yule kijana wa kompyuta akatuma kwenye kundi letu la WhatsApp orodha ya maneno ishirini na matatu aliyoyachota kwenye intaneti, kila moja na tafsiri yake ya Kiswahili. Matusi ya nguoni matupu, yale ambayo kondakta akiyatoa abiria wote wanageukia madirisha. Baba wa mmoja wa wasichana akaiona. Amenipigia simu, na sitaki kurudia aliyoniambia.

Leo mama wa vitenge naye akapiga. Mjukuu wake wa miaka minne, wakiongea kwa video, kila mtandao ukikwama humwambia *joder, abuela*. Mama alidhani ni "pole, nyanya", kumbe ni tusi la mambo ya chumbani. Kwa hiyo naye, kwa upole wote wa nyanya, amekuwa akimjibu *joder, joder, mi amor*, mpaka siku bintiye akapita nyuma ya simu na kusikia.

Nikiri jambo. Nusu ya maneno yale ya orodha mimi mwenyewe siyajui. Kihispania changu nilikipata chuoni hapa Nairobi, kwa vitabu na kwa tamthilia za Meksiko, na Uhispania sijawahi kukanyaga. Na yale ninayoyajua huwa nayaruka kimyakimya. Tangu Januari wanafunzi wanaandika kwenye simu *tengo 19 anos*, kwa sababu hawajui ñ iko wapi, nami nasahihisha tu: *años, años*. Sijawahi kuwaambia kwamba bila kile kiwimbi juu ya n mtu hasemi ana miaka kumi na tisa. Anasema ana njia za haja kubwa kumi na tisa.

Sasa nauliza. Nijibu au nisijibu? Na nikijibu, nitajibuje mbele ya mzee, wasichana na huyo kijana ambaye sijui kama anauliza ili ajue au ili acheke?

---

Miaka 14 Barabarani – Jumapili, saa tatu na nusu usiku

Ticha, mjibu dereva. Huyo ni mimi wa zamani.

Nimeendesha wageni Mara, Amboseli na Samburu, na nakwambia dereva asiyejua maneno hayo anafanya kazi akiwa kiziwi. Mhispania akimwona simba akasema *coño*, hiyo ni furaha, bakshishi ipo njiani. Akilisema polepole akiangalia tairi lililoisha upepo, jua siku imeharibika. Neno ni lile lile, sauti ndiyo inabadilika. Sasa asipojua hata kwamba ni neno la aina gani, ataisomaje sauti?

Lakini kusikia ni kusikia na kusema ni kusema. Mimi mwaka wangu wa pili niliona nimeiva. Tuko Amboseli saa saba mchana, paa liko juu, vumbi kila mahali, nikageuka kwa tabasamu nikawauliza watu sita, mmoja wao bibi wa miaka sabini: *¿Están calientes?* Nilitaka kujua kama wanasikia joto. Kumbe nimewauliza kama wamepandwa na ashiki. Joto la jua ni *¿tienen calor?* Hakuna kitabu kilichoniambia, bibi ndiye aliyeniambia, akifuta machozi ya kicheko.

Na siku nyingine nikajigamba kwamba gari langu la kwanza lilikuwa Pajero. Hapa Nairobi ukisema Pajero watu wanakupa heshima. Kwa Kihispania *pajero* ni mwanamume anayejifanyia mwenyewe mambo ya chumbani. Mitsubishi wenyewe walijua, ndiyo maana gari lile lile Uhispania na nchi za Amerika zinazosema Kihispania linaitwa Montero. Mpaka leo nikiliona moja kwenye foleni ya Waiyaki Way nacheka peke yangu.

Nyingine ya bure: wageni wakiwa na watoto, waambie wenzako wasikuite "kaka" kila dakika. *Caca* kwa mtoto wa Kihispania ni mavi. Mimi niliitwa Kaka Dereva safari nzima na wale watoto hawakupona.

---

Sajili na Tafsida – Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi

Mwalimu mwenzangu, mimi nafundisha Kiswahili sekondari, kwa hiyo janga lako nalijua kwa jina. Kuna siku moja kila mwaka ambayo huwa naiogopa: siku ya methali "Kunya anye kuku, akinya bata kaharisha." Darasa huanguka. Zamani nilikuwa naisoma haraka kama mtu anayepita kwenye mbwa. Siku hizi naiandika ubaoni kwa herufi kubwa, nangoja wamalize kucheka, kisha tunaifanyia kazi kama methali nyingine yoyote.

Na methali hiyo hiyo ndiyo jibu la nusu ya swali lako. Kuku ni Mhispania. Bata ni dereva wako. Mwenyeji akisema *coño* hakuna anayeshtuka. Mgeni mwenye lafudhi ya Nairobi akilisema, kila mtu anageuka kutazama nani ameharisha. Hilo ni darasa zima la isimujamii, na wale wasichana wa kidato cha nne wameshalifanyia mtihani.

Pale ulipoharibikiwa, kwa maoni yangu, ni kwamba ulimwachia kijana wa kompyuta kazi ya kutafsiri. Tazama alichofanya. Alichukua *coño*, akakuta linataja sehemu ya siri ya mwanamke, akaliwekea neno la Kiswahili la sehemu ile ile. Kiungo ni kile kile, sawa, lakini uzito je? Neno letu likitamkwa hadharani linaweza kuleta ngumi. *Coño* ya mshangao, kwa mtu wa Madrid, imechakaa kama ile noti ya zamani ya shilingi hamsini. Tafsiri iliyo karibu zaidi na kelele za lile gari la Mara ni "Lahaula!" au "Jameni!" Kwa hiyo mwalimu mzuri hutoa mambo mawili: kiungo kwa tafsida, yaani lugha ya staha (sehemu ya siri ya mwanamke, basi, mzee hatakufa), na uzito kwa mfano wa maisha.

Usiseme hujui pa kuanzia. Akademia ya Kihispania ya Madrid, ambayo ipo tangu 1713, haiyafichi maneno haya. Kamusi yake iko bure kwenye intaneti, na penye neno la namna hii huweka kifupisho *malson.*, yaani linalosikika vibaya, pamoja na vifupisho vya nchi linakotumika hivyo. Na Camilo José Cela, aliyepewa Nobeli ya fasihi mwaka 1989, alikusanya kamusi nzima ya maneno ya aina hii, juzuu ya kwanza ikatoka 1968, dikteta Franco akiwa bado madarakani. Kinachonichekesha ni kwamba bwana huyo huyo miaka ya 1940 aliwahi kufanya kazi ya udhibiti wa machapisho ya serikali hiyo.

Wahispania pia wana tafsida zao, na hizo ndizo ningewapa wanafunzi midomoni. Badala ya *hostia* husema *¡ostras!*, yaani chaza wale wa baharini. Badala ya *joder*, *¡jolín!* Na anayetaka kusema *mierda*, yaani mavi, akaona watoto wako karibu, hugeuza njiani na kusema *¡miércoles!* Jumatano! Mama wa vitenge ajifunze *jolín* leo leo, amfundishe mjukuu.

Kuhusu kijana: usimuulize nia yake, huwezi kuiona. Muulize amelisikia wapi. Dereva alikuwa na simba, na kichaka, na watu wa Madrid. Kijana ana nini? Neno tupu halina jibu, kwa sababu hata Kiswahili hakina. Sisi Wakenya gazetini tunaandika fulani "amedinda kuhama", tukimaanisha amekataa. Msomee Mtanzania sentensi hiyo, ambaye kwake kudinda ni kiungo cha kiume kusimama, uone atakavyojikohoza.

---

Baba wa Wawili – Jumatatu, saa mbili asubuhi

Mimi ni mzazi na nimesoma yote. Nikilipa karo ya lugha, nalipia lugha. Matusi mtoto atayapata bure stendi ya Kencom. Sielewi kwa nini watu wazima mnatafuta sababu za kisomi za kuyaweka ubaoni.

---

Profe wa Luthuli – Jumatatu, saa saba mchana

Baba, nakuelewa, na yule aliyenipigia simu nilimwomba radhi kwa ile orodha. Lakini nikuulize kama mzazi kwa mzazi. Binti akienda kufanya kazi kwa watu kule, baba mwenye nyumba akamwambia neno akitabasamu, ungependa ajue ameambiwa nini, au aitikie *gracias*, asante?

Dereva wa miaka 14, nimecheka mpaka konda ameniangalia. Sikujua ya Pajero. Mjomba wangu anayo.

---

Baba wa Wawili – Jumatatu, saa saba na robo

Hapo umenishika. Lakini si mbele ya vijana wa kiume.

---

Nesi wa Kaunti – Jumatatu, saa mbili usiku

Mimi ningeongeza swali la pili baada ya "umelisikia wapi", nalo ni "kwa mtu wa nchi gani". Nilijifunza hili mbele ya watu.

Juni 2018 walipokuja wale madaktari mia moja kutoka Kuba na kusambazwa kwenye kaunti, hospitali yetu ilipata wawili. Nilikuwa na Kihispania kidogo cha programu ya simu, na nilitaka kuwa mwenyeji mwema. Asubuhi moja nikaja na mapapai kutoka kwa mama yangu, nikaingia chumba cha zamu, nikamwambia daktari kwa sauti ya ukarimu, watu wakiwepo, kwamba nina *papaya* tamu sana nimemletea. Daktari alikuwa wa Havana. Akaweka faili chini. Akatoka nje. Tukamsikia akicheka huko kwenye korido.

Kule kwao *papaya* ni lile jambo ambalo Sajili na Tafsida ameliita sehemu ya siri ya mwanamke. Tunda lenyewe wanaliita *fruta bomba*. Alirudi, akanieleza kwa heshima kabisa, akachukua mapapai yake. Na nchi nyingine papaya ni papaya tu, ukisema *fruta bomba* hawakuelewi.

Au chukua *coger*. Vitabu vyetu vingi vinatoka Uhispania, humo unakuta *cojo el autobús*, napanda basi. Safi kwa Mhispania, safi kwa Mkuba pia. Mwambie Mmeksiko au Mwajentina kwamba kila asubuhi wewe *coges* matatu ya Rongai, na umemwambia unalala na gari. Mfundishe nesi wako *tomar* na asahau lile lingine. *Concha* kwa Uhispania ni kombe la baharini, na ni jina la mwanamke pia, kifupi cha Concepción. Buenos Aires ni tusi la nguoni. *Pico* ni mdomo wa ndege mpaka ufike Chile, ambako ni uume. Na hao Wachile, eti, Mhispania mwenyewe wamempa jina la utani *coño*, kwa jinsi anavyolitumia!

Nesi wako anahitaji hata zaidi ya dereva. Mgonjwa akiwa na maumivu hachagui tafsida. Hatasema *orinar*, kwenda haja ndogo, atasema *mear*, kukojoa, na nesi akikodoa macho mgonjwa ataona haya na kunyamaza, na dalili itapotea. Sisi hapa nyumbani si ni hivyo hivyo? Mzee wa kijijini hakwambii "haja ndogo inaniuma".

---

Shabiki wa Umoja – Jumatatu, saa nne usiku

Naona mmezunguka viungo vya mwili mkasahau letu sisi weusi. Hilo ndilo wanafunzi wa Nairobi wataulizwa nalo usoni.

Oktoba 2011, Suárez wa Liverpool na Evra wa Manchester United. Suárez alimwita Evra *negro*, mweusi, wakiwa mechini, akafungiwa mechi nane na kutozwa pauni 40,000. Alisema kwao Uruguay ni neno la kawaida. Novemba 2020 Cavani, Mruguay wa Manchester United, akafunga mawili dhidi ya Southampton, rafiki yake akampongeza Instagram, akamjibu *gracias negrito*. Mechi tatu, pauni 100,000. Akademia ya lugha ya Uruguay ikalalamika kwamba Waingereza hawakuelewa lugha. Kibandani kwetu tulibishana usiku mzima, wengine wakisema mtu anaweza kuitana hivyo na rafiki yake wa utotoni, ila si na beki wa timu pinzani. Mimi niko upande huo. Evra hakuwa rafiki yake.

Halafu *mono*. Mei 2023 uwanjani Mestalla, kwa Valencia, mashabiki walimwita Vinícius, mchezaji mweusi wa Real Madrid, hivyo, tumbili, na mwaka uliofuata mashabiki watatu wakahukumiwa kifungo cha miezi minane. Lakini sikia hii. Binamu yangu ni mhudumu wa hoteli, siku moja mgeni wa Barcelona aliona picha ya mtoto wake kwenye simu akasema *¡ay, qué mono!* Binamu akabeba hasira siku mbili nzima. Alikuwa amekariri orodha kama ile ya kijana wako: mono, tumbili, tusi. Kumbe Uhispania *mono* pia ni "mrembo, wa kupendeza", na mama yule alikuwa anamsifia mtoto. Siku ya tatu ndiyo akamuuliza mpishi aliyewahi kukaa kule. Mgeni alishaondoka.

Kwa hiyo Profe, orodha ni hatari kuliko neno.

---

Miaka 14 Barabarani – Jumanne, saa kumi na moja alfajiri

Na wageni wakinunua gazeti la Kiswahili pale hotelini mwambie dereva awe tayari. Mwaka fulani kichwa cha habari kilikuwa timu fulani "yapelekwa puta". Wageni walipiga picha na hilo gazeti mmoja mmoja. *Puta* kwao ni kahaba. Nilichukua nusu saa kueleza kwamba kwetu ni kukimbizwa mchakamchaka tu.

---

Profe wa Luthuli – Jumamosi, saa kumi jioni

Nimerudi. Nimevua viatu, nina chai, ngoja niwaeleze.

Nilianza na miaka. Niliandika *años* na *anos* ubaoni, nikasema kwa Kiswahili cha daktari tofauti yake ni nini. Kimya. Kisha nesi akasema, "Mwalimu, mimi nimejaza fomu ya kazi." Tukafungua simu zote pamoja, tukabonyeza n na kuishikilia mpaka ñ itokee. Hilo peke yake nilipaswa kulifanya Januari.

Kisha nikarudi kwa dereva, nikamwomba radhi mbele ya wote kwa ule ukurasa wa 46. Nikamjibu kama Sajili na Tafsida alivyonishauri: kiungo kwa tafsida, uzito kwa "Jameni!", na kwamba yeye alisikie tu, mdomoni aweke *¡ostras!* Akauliza kama wageni hawatamwona mshamba. Nikamwambia watamwona dereva aliyelelewa. Mama wa vitenge aliandika *jolín* kwenye kiganja.

Nikaweka sheria moja. Yeyote anaruhusiwa kuuliza neno lolote, lakini alete na mahali pake: nani alilisema, kwa nani, wapi, kukiwa na nini. Kijana wa kompyuta akafungua orodha yake, akaitazama, akaifunga. Baadaye akainua mkono na moja tu, *cabrón*. Alilisikia kwenye mchezo wa mtandaoni, anacheza na mvulana wa Monterrey, na kila akifunga bao yule humwita hivyo. Anataka kujua kama anatukanwa. Sauti yake ilikuwa nyingine kabisa, kumbe lilikuwa linamsumbua. Nikamwambia asili yake ni beberu, dume la mbuzi. Kwamba Uhispania ni tusi, na Meksiko pia laweza kuwa tusi, lakini baina ya marafiki laweza kuwa sifa. Kama anafunga bao na anaitwa hivyo huku mwenzake anacheka, basi anasifiwa. Mzee akasema kwa mkazo, "Kwetu beberu alikuwa Mwingereza." Darasa likacheka, yeye hakucheka.

Wasichana hawakuuliza kitu. Mmoja alinisubiri ngazini baada ya darasa, akaniuliza moja pembeni, la mtu anayemwandikia ujumbe. Nilimjibu. Hilo litabaki ngazini.

Nilikuwa nimeliacha *hostia* mwisho kwa makusudi, nikimwogopa mzee. Nikaeleza kwamba Wahispania wengi wanapokasirika au kushangaa huchota maneno kanisani, kwamba ni lile lile la altare, na kwamba asili yake kwa Kilatini ni mnyama wa sadaka. Nikasema najua linaweza kumwudhi mtu mwenye imani, na kama Mzee angependa tuliache, tutaliacha.

Akainua mkono. Kumi na mmoja sisi tukanyamaza, hata chini spika zilinyamaza, au nilidhani.

"Mwalimu, nami ninalo na mahali pake."

Akasema ilikuwa kabla ya barabara nzuri, yeye bado kijana, wakitoka Lodwar na padri mmoja Mhispania, marehemu sasa. Gari likazama kwenye mchanga wa laga, mto mkavu. Padri akaingia chini na jeki, jeki ikateleza, ikamponda kidole gumba. Padri akapaza sauti: *¡Hostia!* Katekista akapiga magoti pale pale mchangani na kufanya ishara ya msalaba, akijua Baba anasali. Padri akamtazama, akaongeza mengine kwa haraka, ambayo yeye hakuyaelewa yote. Alielewa mwisho wake tu, *en la leche*, na *leche* alishajua ni maziwa.

"Nimekaa nayo miaka mingi," akasema. "Alisema *me cago en la leche*. Sasa wewe mwalimu, niambie alikuwa ananiomba nini."

Nikamwambia. Neno kwa neno, kwa Kiswahili cha ile methali ya kuku na bata, maana nilishindwa kupata tafsida yake kwa haraka. Nikaeleza kwamba hakuna maziwa yoyote, ni hasira tu, na kwamba hilo la maziwa ndiyo tafsida yenyewe, lipo lingine baya zaidi ambalo padri alilikwepa.

Mzee akavaa kofia, akaivua tena.

"Mimi nilitembea mpaka bomani," akasema, "nikamletea kibuyu cha maziwa ya ngamia. Na alikunywa yote."